Kabla ya Kununua Kabureta, Ifuate Petroli

Land Rover ya petroli ikianza kukohoa katikati ya mlima, hukumu ya kwanza utakayoisikia gereji ni kwamba kabureta imekufa. Ni hukumu nyepesi kutamka na nzito kulipia. Mwenye gari anajikamua, anaagiza kabureta mpya, inafungwa, na wiki haijaisha gari linakohoa vilevile, kwa kuwa ugonjwa haukuwa huko. Baada ya kuzifungua na kuzifunga gari hizi kwa miaka mingi, nasema bila kusita: matatizo mengi ya mafuta katika gari la zamani husababishwa na hewa inayoingia mahali isipotakiwa, na uchafu, na nyuso za chuma zilizopinda zikashindwa kukutana. Mara nyingi hakuna kifaa kipya cha bei kubwa kinachohitajika. Anahitajika mtu aliye tayari kuifuata petroli kuanzia mdomo wa tangi hadi inapoingia kwenye injini, bila kuruka kituo.

Nitazungumzia Land Rover Series III ya petroli, ile ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 2,286, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Naichagua kwa sababu naifahamu, na kwa sababu bado iko kazini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948, na haikuchukua muda ukoo huo ukawa ndio gari la misheni, la bwana shamba, la chama cha ushirika na la askari wa wanyamapori kote Afrika Mashariki. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilionyesha wazi ni ngapi bado zinatembea. Mwenye Volkswagen, Datsun 1200 au Peugeot 504 naye atapata humu mengi yanayomhusu, kwani mpangilio ni uleule: tangi, bomba, pampu inayoendeshwa na injini, kisha kabureta.

Tuanze na moto, maana kazi hii imewahi kuunguza watu na nyumba. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dar es Salaam. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, bali hutambaa chini na kukusanyika kwenye shimo la gereji, chini ya gari, au kufuata mteremko wa sakafu hadi kwenye jiko la mkaa lililo uani. Fanya kazi nje, kwenye upepo. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa bomba lolote. Weka karibu kizimamoto cha unga, na kama huna, ndoo ya mchanga mkavu. Maji yatausambaza moto wa petroli badala ya kuuzima.

Jambo la pili la hatari tumelizoea mno kiasi kwamba hatulioni: kunyonya petroli kwa mdomo na mpira. Petroli ni nyepesi na inateleza, na kiasi kidogo tu kikipita njia ya hewa badala ya njia ya chakula huunguza mapafu na kuleta nimonia mbaya. Mtu akimeza, watu humkimbizia maziwa, wengine humtapisha. Maziwa hayamsaidii, na kumtapisha ni kuipa petroli nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali. Na hakuna sababu ya kunyonya, maana pampu ya kubonyeza kwa mkono ya kuhamishia mafuta ni ya bei ndogo dukani, na tangi la Land Rover lenyewe lina nati ya kumwagia chini yake.

Kabla hujagusa mafuta, hakikisha moto wa plagi ni mzima. Platini iliyochakaa na kondensa iliyochoka hufanya gari likohoe sawasawa na lililokosa petroli, na nimeona kabureta nyingi zikifunguliwa bure kwa kosa la distributa. Kama cheche ni ya buluu na inaruka kwa nguvu, endelea.

Kituo cha kwanza ni kifuniko cha tangi, na kukikagua hakuna gharama yoyote. Kila lita inayotoka kwenye tangi lazima nafasi yake ichukuliwe na hewa. Kifuniko kina tundu dogo la kupitishia hewa hiyo, na tundu hilo huzibwa na vumbi, kutu, au udongo wa nyigu gari likikaa muda mrefu. Likiziba, pampu inanyonya, tangi linakaza, na baada ya mwendo fulani petroli inagoma kuja. Gari linazima. Ukisimama kidogo, hewa inapenya taratibu, gari linawaka, unaendelea, kisha linazima tena mahali pengine. Mzee mmoja mkulima wa kahawa alinijia na gari la namna hiyo. Alikuwa ameshauriwa anunue kabureta na pampu kwa pamoja.

“Shikamoo, mzee. Linazima lenyewe, au ukiwa umelisimamisha?”

“Marahaba, mwanangu. Linazima likiwa kwenye mwendo. Nikishuka nikavuta tumbaku kidogo, linawaka.”

“Siku likizima tena, usifungue boneti. Fungua kifuniko cha tangi, usikilize. Ila tumbaku uiache mfukoni kwanza.”

Alisikiliza. Tangi lilivuta pumzi kwa mluzi. Tulisafisha kifuniko kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, tukalizibua tundu kwa waya mwembamba, na kazi ikaishia hapo.

Kituo cha pili ni petroli yenyewe. Chota kiasi kutoka chini ya tangi, kwa kulegeza ile nati ya kumwagia, uweke kwenye chupa safi ya kioo na uiache itulie kwa nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utauona mstari wa mpaka. Kutu italala chini kabisa kama vumbi jekundu. Kisha dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hupotea upesi bila kuacha kitu. Ikibaki alama ya mafuta kwenye karatasi, kuna mafuta ya taa au dizeli ndani yake. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa ajili ya kupambana na uchakachuaji huo, lakini dumu la kando ya barabara halina wa kulikagua isipokuwa wewe na karatasi yako.

Hapa niseme neno kuhusu risasi, maana wazee wengi huilaumu petroli ya siku hizi kwa kila kitu. Petroli yenye risasi iliondoka katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuiacha, Julai 2021. Kuondoka kwake kunaweza kuathiri viti vya valvu katika injini za zamani zinazokimbizwa sana. Hakuzibi jeti, hakupindi kabureta, na hakufanyi gari lizime kwenye foleni. Tulikuwa tukipumua sumu ile pamoja na watoto wetu, na sioni cha kuililia.

Sasa bomba, kuanzia tangi hadi pampu. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta tone. Sehemu hii ya mfumo haisukumi petroli, inainyonya, na tundu dogo kwenye njia ya kunyonya mara nyingi halidondoshi chochote. Linavuta hewa. Anayekunywa dafu kwa mrija uliopasuka anafahamu: anavuta kwa nguvu na kupata mapovu. Mpira ulioota nyufa ndogo kwenye kiungo, klipu iliyolegea, bomba la chuma lililoliwa na kutu pale linapopita kwenye fremu, vyote vinaweza kukaa vikavu kabisa huku injini ikinyimwa mafuta.

Njia rahisi ya kupima ni kuliruka tangi. Chukua dumu dogo safi la lita 5 lenye petroli nzuri, lifunge mahali pa imara mbali na bomba la moshi, na upitishe mpira mpya wa petroli kutoka humo hadi kwenye mdomo wa kuingilia wa pampu. Washa injini gari likiwa limesimama, ikanyage kwa muda. Kama inavuta vizuri bila kukohoa, basi pampu na kabureta hazina kesi ya kujibu, na ugonjwa uko nyuma: tangi, chujio la ndani ya tangi, au bomba. Kama bado inakohoa, umelisafisha jina la tangi. Kipimo hiki kinagharimu mpira wa mita moja. Mpira ukiwa wa kuonyesha ndani, utaona pia mapovu yakipita, ila usiuache humo baada ya kupima, kwani mipira mingi ya namna hiyo hukakamaa na kupasuka ikikaa na petroli.

Kwenye mpira wa kudumu, usibanie fedha. Mpira wa maji na mpira wa bustani hulainika au kukakamaa ukiguswa na petroli, na kinachofuata ni uvujaji juu ya bomba la moshi. Nunua mpira wa petroli wenye maandishi ya kiwango ubavuni, na ukipata ulioandikwa SAE J30 R9 huo ni mzuri zaidi, kwa sababu unahimili hata petroli iliyochanganywa na ethanoli. Badilisha mipira yote kwa mara moja pamoja na klipu zake. Yote kwa pamoja ni bei ndogo mno ukilinganisha na gari lililoungua. Ukishafika hapo, weka filta ndogo ya plastiki kabla ya pampu, mshale ukielekea kwenye pampu, mahali pasipo na joto na unapoweza kuiona bila kulala chini. Filta hiyo itakuwa shahidi wako. Ikijaa vumbi jekundu ndani ya wiki, tangi lina kutu, na kubadilisha filta kila mara si tiba.

Tangi lenye kutu huoshwa. Livue, lioshe kwa maji mengi na sabuni mpaka harufu ya petroli iishe, kisha weka nati za zamani au mnyororo mfupi pamoja na maji kidogo, ulitikise kila upande. Mwaga, hesabu nati zako, rudia. Siki ikiachwa ndani kwa siku moja au mbili hula kutu iliyobaki. Baada yake suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, suuza tena, ukaushe juani papo hapo na ulipake ndani oili kidogo iliyochanganywa na petroli, la sivyo kutu mpya itaanza kabla ya jioni.

Na tangi linalovuja kwenye mshono? Sabuni ya mche ni dawa ya kweli ya njiani. Ikwangue, iponde kwa vidole mpaka iwe laini, uikandamize kwenye ufa. Inafanya kazi kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kinachoiyeyusha ni maji, kwa hiyo mvua moja au kivuko kimoja cha mto kitaiondoa. Ni ya kukufikisha nyumbani. Ukifika, usafishe mpaka chuma king’ae na utumie gundi ya chuma ya kuchanganya mirija miwili, ile inayosema wazi kwenye pakiti kwamba inahimili petroli. Kulichomelea tangi si kazi ya nyumbani kamwe. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Fundi anayejua kazi hiyo huliosha kwa maji ya moto na kulijaza maji hadi karibu kabisa na pale anapochomelea. Ukimwona wako anataka kulichomelea kavu kwa sababu amelinusa na halina harufu, ondoka na tangi lako.

Pampu ya Series III ina kikombe kidogo cha kioo chini yake, na sijui kwa nini magari ya baadaye yaliacha kitu chenye manufaa kama hicho. Unalegeza nati, unasogeza waya, kikombe kinatoka kikiwa na maji na takataka zote zilizofika hapo. Mwaga, futa, osha chujio la waya. Gasketi ya kikombe, ambayo kwa kawaida ni ya koki, ikikauka huanza kuvuta hewa. Iloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku mmoja na mara nyingi itavimba na kuziba tena, ingawa mpya ni bora na haina bei.

Pampu hiyo ina pia mkono mdogo wa kupandishia mafuta bila kuzungusha injini. Utumie. Toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, upampu: petroli itoke kwa mikupuo mizito bila mapovu. Ukikuta mkono hauna uzito wowote usiihukumu pampu, kwani huenda injini imesimama mahali ambapo kamshafti tayari imeikandamiza. Zungusha injini kidogo kwa hendeli ya mbele, ujaribu tena. Dalili ya kuogopa kwenye pampu ni nyingine. Chomoa dipstiki, unuse. Oili ikinuka petroli na kiwango kikiwa kimepanda, diaframu imepasuka na petroli inateremka kwenye oili. Usiwashe gari hilo. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi, na mvuke ndani ya injini unaweza kulipuka. Seti ya diaframu na valvu zake inauzwa peke yake, na kuifunga ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu makini atakayechora alama kwenye vifuniko kabla ya kuvitenganisha.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanana na pampu mbovu lakini si pampu. Saa nane mchana, foleni, gari limesimama na injini inachemka: linazima, na halitaki kuwaka mpaka lipoe. Petroli imechemka ndani ya bomba na kuwa mvuke, na pampu hii imeumbwa kusukuma kimiminika. Nguo yenye maji juu ya pampu hulifufua. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba mbali na manifoldi ya moshi, kulivika kinga ya joto pale lisipoweza kusogezwa, na kuhakikisha ile gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta ipo. Wengi huitupa wakidhani ni ya kunyanyulia tu.

Kama umefika hapa na gari bado halijapona, sasa ifungue kabureta. Series III nyingi zina Zenith 36 IV, na ugonjwa wake mkuu unajulikana kila mahali gari hizi zilipofika: kifuniko cha juu na bodi hupinda. Ni chuma laini, kinakaa juu ya joto, na kwa miaka mingi kila fundi aliyeona haivuti vizuri alikaza skrubu zaidi. Pembe zinavutwa chini, katikati panainuka, na kati ya sehemu hizo mbili hewa na petroli vinapita pasipo njia. Matokeo yake ni gari lisilokaa sailensi, linalokunywa kupita kiasi, lenye plagi nyeusi za masizi, na ambalo kugeuza skrubu ya mchanganyiko hakubadilishi kitu. Land Rover hii si gari la kubana mafuta. Kilomita 6 kwa lita ni hali yake ya kawaida. Likishuka hadi 4 bila mzigo, tazama hapa.

Kuipima ni rahisi. Tenganisha kifuniko na bodi, ng’oa mabaki yote ya gasketi kwa kijiti cha mti au plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Weka makali ya rula ya chuma juu ya uso, elekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya chini ya rula, umepinda. Kuinyoosha kunataka kipande cha kioo kinene, kwa sababu kioo ni tambarare kuliko meza yoyote uliyonayo. Kilaze mahali imara, juu yake uweke msasa wa maji namba 240, uulowanishe kwa mafuta ya taa. Vua kwanza kila kitu kinachochomoza au kinachoweza kuharibika: floti, sindano, jeti, bomba la pampu ya mwendo. Kisha chora mistari ya kukatana kwa kalamu ya wino usiofutika juu ya uso mzima wa chuma.

Shika kifuniko kwa vidole vya mikono yote miwili, ukikandamize kwa uzito wake na kidogo tu zaidi, ukisugue kwa mwendo wa namba nane. Baada ya mizunguko michache kigeuze, utazame. Wino utakuwa umetoka pembeni, kwenye matundu ya skrubu, na kubaki katikati au kinyume chake. Hiyo ndiyo ramani ya upindaji. Kigeuze mwelekeo kila mara, kwani mkono wa kulia una nguvu kuliko wa kushoto na utakula upande mmoja bila wewe kujua. Suuza msasa mara kwa mara. Wino wa mwisho ukipotea, acha. Usiongeze hata mzunguko mmoja wa kupendezesha, maana kila unachokiondoa hakirudi, na ukiondoa sana vipimo vya ndani vitabadilika. Malizia kwa msasa namba 400, rudia kwenye bodi, osha kila tundu kwa petroli na upulize.

Ndani kuna kipande kinachobeba jeti, na pete nyembamba ya mpira inayoziba njia yake. Pete hiyo ikipasuka au ikisahauliwa, petroli hudondoka kwenye koo la kabureta hata pale isipotakiwa, na injini inalewa mafuta. Ni kitu cha kushika kati ya vidole viwili na kutokionea thamani, lakini nimeiona ikisababisha kabureta nzima kutupwa. Nunua ya mpira unaohimili petroli. Ile ya bomba la maji haitamaliza mwezi.

Jeti usizichokonoe kwa waya. Ni za shaba laini, na ukubwa wa tundu ndio kazi yake yote. Kwa kawaida jeti iliyoandikwa 125 ina tundu la milimita 1.25. Ukilipanua kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, eneo lake linaongezeka kwa karibu asilimia 17, na gari lako limeanza kunywa bila hata kuonekana kosa. Iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pulizia upepo, na kama kuna ukaidi pitisha uzi wa mshipi wa kuvulia. Floti itikise karibu na sikio. Kama ina petroli ndani, imetoboka. Ya shaba izamishe kwenye maji ya moto na mapovu yatakuonyesha tundu, ulizibe kwa tone dogo kabisa la risasi ya kulehemu baada ya kuikausha ndani, ukikumbuka kwamba tone kubwa litaongeza uzito na kupandisha kiwango cha mafuta. Ya plastiki haizibiki. Inabadilishwa.

Gasketi unaweza kuikata mwenyewe kwa karatasi ya gasketi inayohimili petroli. Ilaze juu ya kifuniko, gongagonga pembezoni polepole kwa nyundo ya kichwa cha duara mpaka makali ya chuma yaikate, matundu uyatoboe kwa kibomba chenye ncha kali. Boksi la maziwa na karatasi ya manila vitavuja. Silikoni usiikaribishe kwenye kabureta hata kidogo, kwani petroli huivimbisha, inang’oka vipandevipande na kwenda kukaa kwenye jeti ulizozisafisha. Ukifunga, kaza skrubu kwa mkato, moja upande huu na moja upande wa pili, kidogo kidogo, kwa bisibisi fupi ili mkono usipate nguvu ya kupinda tena ulichokinyoosha.

Kisha itie sawa. Skrubu ya mchanganyiko iingize taratibu mpaka iguse, bila kuikaza kwa sababu ncha yake itaingia mkunjo na haitapima tena. Irudishe nje mzunguko mmoja na nusu, washa, acha injini ipate joto kamili. Kuiingiza kunapunguza petroli, kuitoa kunaongeza. Tafuta pale injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, kisha shusha mwendo wa sailensi kwa skrubu nyingine. Anayeishi Mombasa au Tanga na kupanda Nairobi au Arusha mara kwa mara ajue kwamba kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo gari lililotiwa sawa ufukweni litakuwa na petroli nyingi mno likifika juu. Kuipunguza kidogo kwa skrubu kunasaidia sailensi tu. Wanaohamia nyanda za juu moja kwa moja wafikirie jeti kuu ndogo kwa hatua moja.

Injini ikiwa bado inaunguruma, pitisha kurunzi, usiguse kiberiti, kwenye kila kiungo ulichofungua, na kitambaa kikavu cheupe chini yake. Tembea nalo siku chache karibu na nyumbani, kisha likiwa limepoa kabisa zikague skrubu za kabureta kwa kuzigusa tu na bisibisi, mwaga kikombe cha pampu, utazame filta. Kikombe kikiwa safi na filta nyeupe, unaweza kuanza safari ndefu.